Tangazo la mnada na somo la kanga

Msimu wa korosho ukifika, ubao wa chama cha msingi hujaa karatasi. Mkulima wa Lukuledi husimama hapo akitafuta mambo mawili: mnada ni lini, na bei ya kilo ni shilingi ngapi. Tumeona matangazo yanayoanza na nembo, kumbukumbu namba na aya tatu za herufi ndogo. Bei iko chini kabisa. Asiyeiona huishia kuamini bei ya mnunuzi wa kangomba.

Kupanga tangazo vizuri hakuhitaji kompyuta. Tazama kanga. Pindo huzunguka pande zote nne na kulirudisha jicho ndani. Katikati ni mji, wenye pambo kuu. Jina ni mstari mmoja tu, karibu na pindo la chini.

Kwenye tangazo, bei na tarehe ndiyo mji. Ziandike kubwa, katikati, na uache nafasi tupu kuzizunguka. Nafasi hiyo si karatasi iliyopotea (makarani, tunawajua!), ndiyo inayovuta jicho. Nembo ikae juu, ndogo. Epuka herufi za njano kwenye karatasi nyeupe, juani hazisomeki.

Ukishabandika, rudi nyuma hatua kumi. Kama bei haisomeki, andika upya.