Winta na madereva wa malori Marekani: dizeli inaganda, breki zinagoma

Wengi wetu tunaoota majuu tunaijua winta kwa zile picha za mshkaji kasimama kwenye theluji anacheka. Leo naongelea wanaofanya kazi ndani ya hiyo theluji, yaani madereva wa malori ya masafa marefu Marekani. Ndugu zetu wa Afrika Mashariki wamo kwenye hiyo kazi, kwa hiyo si habari za mbali sana.

Tuanze na mafuta. Dizeli ina nta ndani yake. Baridi ikikaribia nyuzi 10 chini ya sifuri (za Selsiasi), nta inaanza kujitenga, mafuta yanakuwa mazito na filta inaziba. Injini inazima hata kama tenki limejaa! Ndo maana huko wanachanganya na dizeli nyepesi ya winta, au wanaweka dawa mapema kabla baridi haijashika.

Halafu kuna cheni za matairi. Jimbo la Colorado, kwenye barabara kuu ya I-70 inayopita milimani, lori la biashara lazima liwe na cheni kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31. Na hakuna utingo wa kukufungia, unashuka mwenyewe usiku na upepo ule.

Sasa njoo kwenye hela. Madereva wengi wa safari ndefu wanalipwa kwa maili. Gurudumu lisipozunguka, hulipwi. Kanuni za serikali yao zinasema barabara ikiwa ya hatari mno dereva asimame, na hapo hapo zinamruhusu kuendesha masaa 11 tu kabla ya kupumzika. Ikitokea hali mbaya ambayo haikutarajiwa anaongezewa hadi masaa 2. Kwa hiyo kanuni inamwambia simama, mfuko unamwambia twende.

Kubwa kuliko zote kwangu ni breki. Malori makubwa yanatumia breki za upepo, na upepo una unyevu. Unyevu ukiganda kwenye mipira au valvu, upepo haufiki kwenye tela, na tela likikosa upepo breki zinajifunga zenyewe kwa springi. Ni usalama, sawa. Ila wewe uko porini, kichwa kinataka kwenda na tela limegoma.

Hilo lilimkuta dereva mmoja Januari 2009, kwenye barabara ya I-88 jimbo la Illinois. Alisimama pembeni kama dakika kumi, kuja kuondoka breki za tela zimeganda. Hita ya kwenye kichwa nayo haifanyi kazi, na nje ni chini ya nyuzi -17. Akapiga simu, akaambiwa asubiri fundi. Akapitiwa na usingizi kama masaa mawili. Alipoamshwa na simu ya ndugu yake, miguu haisikii kitu na maneno hayatoki vizuri. Akapiga tena ofisini, akaambiwa aliburute tela hivyo hivyo au abaki nalo. Jamani, tela lenye breki zilizofunga uliburute kwenye barafu?

Jamaa akalifungua tela, akaondoka na kichwa kutafuta joto. Fundi alipofika akarudi. Kampuni ikamfukuza kwa kosa la kutelekeza mzigo.

Sheria yao ya mwaka 1982 inamlinda dereva anayekataa kuendesha gari kwa kuhofia usalama. Kesi ilifika mahakama ya rufaa, na mwaka 2016 majaji wawili kati ya watatu wakampa haki. Aliyepinga ni Neil Gorsuch, ambaye mwaka 2017 alipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Hoja yake ni kwamba sheria inamlinda anayekataa kuendesha, na huyu aliendesha, tena akaacha mzigo aliokabidhiwa. Kisheria unaweza kubishana hadi asubuhi. Mi nipo na wale wawili. Na wewe mdau, ungebaki na tela?