Kila huduma na mamlaka yake: mwananchi amshike nani?

Bomba la maji likipasuka mtaani kwako unamwita nani? Swali linaonekana jepesi, lakini katika Dar es Salaam ya leo jibu lake linamtaka mtu anayeifahamu Serikali kwa ndani. Bomba ni la DAWASA. Barabara inayochimbwa na maji hayo ni ya TARURA, au ya TANROADS ikiwa ni barabara kuu. Nguzo iliyoanza kuinama ni ya TANESCO. Takataka zilizosombwa zikaziba mtaro ni za halmashauri. Na mabasi ya mwendokasi yanayopita jirani yako chini ya wakala mwingine, DART. Anayegongewa mlango usiku ni mwenyekiti wa mtaa, ambaye hana mamlaka juu ya hata kimoja kati ya hivyo.

Hali hii haikuzuka yenyewe. Ina historia ya zaidi ya miaka 50, na ni historia ambayo inafaa tuifahamu kila inaposemwa kuwa sheria za serikali za mitaa zinahitaji kufanyiwa marekebisho.

Dar es Salaam ilipewa hadhi ya manispaa mwaka 1949 na hadhi ya jiji Desemba 1961, siku moja baada ya Uhuru. Mwaka 1972 ukaja mpango wa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri, lakini kwa vitendo halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zilivunjwa na kazi zake wakapewa watumishi wa Serikali Kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Zamu ya Dar es Salaam ilifika mwaka 1974: Halmashauri ya Jiji ikafutwa, na jiji likagawanywa katika wilaya tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke.

Matokeo hayakuchelewa. Taka zilirundikana, mitaro ikaziba, barabara zikaharibika. Kipindupindu kilipoikumba nchi mwaka 1977 na 1978, ilionekana wazi kwamba miji haina mwenyewe. Mwaka 1978 Bunge likapitisha sheria ya muda ya kurudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 zikafuata sheria kamili: Namba 7 ya mamlaka za wilaya, Namba 8 ya mamlaka za miji na Namba 9 ya fedha za serikali za mitaa. Halmashauri zikaanza kazi upya mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kuzifuta serikali za mitaa lilikuwa moja ya makosa ambayo asingeyarudia.

Hata hivyo, ziangalieni tarehe kwa makini. Mwaka 1981, yaani mwaka mmoja kabla ya sheria hizo, ilikuwa imeundwa Mamlaka ya Taifa ya Maji Mijini, iliyojulikana kwa kifupi NUWA. Iliitwa ya taifa, lakini mji iliouhudumia ulikuwa Dar es Salaam. Kwa hiyo wakati diwani anarudishiwa ufunguo wa nyumba, chombo kimoja muhimu kilikwisha kutolewa nje.

Nisieleweke vibaya. Ziko sababu za kweli za kuunda mamlaka maalumu kwa ajili ya huduma moja. Maji hayajui mpaka wa wilaya. Chanzo kikubwa cha maji ya Dar es Salaam ni mto Ruvu, ambao uko Mkoa wa Pwani. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976. Bomba linapita Kibaha au Bagamoyo kabla ya kufika Kinondoni na Ilala. Hakuna halmashauri moja ambayo ingeweza kuendesha kazi hiyo ndani ya mipaka yake. Mhandisi anahitaji eneo linalofuata bomba, na hilo ni haki yake. Tatizo ni kwamba eneo linalofuata bomba halina kura. Tumelichora eneo la huduma tukasahau kuchora njia ya mwananchi kuihoji.

Fuateni safari ya chombo hicho cha maji. Mwaka 1997 NUWA ikawa DAWASA. Mwaka 2001 ikatungiwa sheria mpya. Mwaka 2003 uendeshaji akakabidhiwa mwekezaji binafsi, kampuni ya City Water, kwa mkataba wa miaka 10. Mei 2005, kabla hata ya miaka miwili kutimia, Serikali ikautangaza mkataba huo kuwa umevunjwa, na kesi zake zikasikilizwa nje ya nchi. Ikaja DAWASCO. Mwaka 2018 DAWASCO ikaunganishwa tena na DAWASA. Mwaka 2019 ikatungwa sheria nyingine ya maji kwa nchi nzima. Kibao cha mlangoni kilibadilishwa mara nyingi, na mara zote uamuzi ulitoka wizarani na bungeni. Mama wa Mbagala au Kimara aliyekuwa akinunua maji kwa dumu aliendelea kununua kwa dumu huku vibao vikibadilishwa, na diwani wake hakuwa na la kumjibu.

Huduma nyingine zilifuata njia hiyohiyo. Uzoaji wa taka ulianza kukabidhiwa watu binafsi mwaka 1994, katika kata 10 za katikati ya jiji. Juni 1996 Serikali ikaivunja Halmashauri ya Jiji kwa mara nyingine na kuweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Wakazi wengi waliisifu Tume kwa kusafisha mitaa na kukusanya mapato, na sifa hizo ilistahili. Lakini jiji liliishi karibu miaka minne bila diwani. Februari 2000 zikazaliwa manispaa tatu, pamoja na Halmashauri ya Jiji iliyokusudiwa kushughulikia mambo ya pamoja yanayovuka mipaka ya manispaa.

Mambo ya pamoja nayo yakaanza kupungua. Mradi wa mabasi yaendayo haraka, uliolelewa na Jiji, ulipata wakala wake mwaka 2007. Kikosi cha zimamoto kikahamishiwa Serikali Kuu chini ya sheria ya mwaka 2007. Julai 2017 TARURA ikazichukua barabara za halmashauri. Kodi ya maendeleo ilikuwa imefutwa mwaka 2003. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ukaanza kuhamishiwa TRA, na kuanzia mwaka 2021 kodi hiyo inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji yenyewe ikavunjwa, na hadhi ya jiji ikapewa Ilala.

Kila hatua ukiitazama peke yake ina maelezo yake. Wakala una wataalamu, hauna malumbano ya kisiasa, na fedha zake hazipotelei katika posho za vikao. Baadhi ya hoja hizo ni za kweli. Madiwani wetu nao hawakuwa malaika. Lakini ziweke hatua zote pamoja uone kilichobaki. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa manahodha ni wengi, na abiria hawamwoni hata mmoja wao.

Ndiyo maana nasema marekebisho ya sheria yasiishie kwenye kuunda wakala mwingine. Yaanze na masharti matatu ya kila chombo kinachopewa huduma ya mji.

Kwanza, mkuu wa chombo hicho afike mbele ya Baraza la Madiwani la kila halmashauri anayoihudumia, kwa tarehe zinazojulikana, aeleze mpango wake na kujibu maswali. Jambo hilo liwe la sheria, lisitegemee hisani ya mtu.

Pili, pale eneo la huduma linapovuka mipaka, halmashauri zinazohusika ziwe na wajumbe wao katika bodi, waliochaguliwa na mabaraza yenyewe. Dar es Salaam ina halmashauri tano. Zikiungana na jirani zao wa Pwani, hawatajaza hata meza moja kubwa.

Tatu, mamlaka hayo yawe na muda. Baada ya miaka kadhaa itakayotajwa na sheria, yapimwe hadharani: watu wangapi wamepata huduma, kwa bei gani, na kama kazi hiyo ibaki hapo au irudi halmashauri. Huduma iliyotoka kwa diwani isiwe kama mtu aliyevuka bahari asirudi tena.

Tuliivunja Halmashauri ya Jiji mwaka 1974 kwa mkupuo mmoja, na baada ya miaka minne tukaona hasara yake kwa sababu ilikuwa kubwa na ya ghafla. Kuzimega huduma moja baada ya nyingine hakuna kelele, kwa hiyo hakuna siku ambayo tutaamka na kusema tumekosea. Wakati wa kuuliza ni sasa, wakati diwani bado ana kiti, na kabla hatujamchagua mwingine wa kwenda kukaa kwenye kikao kisicho na la kuamua.