Mizizi ya Usukumani: Dawa, Ngitili na Dhahabu

Mwaka 1928 reli iliyotoka Tabora ilipita Shinyanga ikafika Mwanza. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi, ambayo bado imo vitabuni hadi leo. Mambo hayo mawili yameacha alama katika tiba za Usukumani kuliko watu wengi wanavyodhani. Reli iliwapanulia biashara wenye maduka wa asili ya Gujarat, na pamba na chumvi zikasafiri pamoja na tangawizi kavu, manjano, iliki na mvuje. Sheria nayo ilimweka mganga wa mitishamba chini ya shaka moja na mpiga ramli, na mpaka sasa jamii haijaweza kuwatenganisha sawasawa.

Zamani tiba ya Wasukuma haikuwa ya kificho. Simulizi zinawataja Ngika na Gumha, mafundi wawili wa dawa waliokuwa mahasimu katika karne ya 19. Kutokana nao zilizaliwa Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma ambavyo hadi leo hushindana uwanjani baada ya mavuno. Watu huja kutazama mbina, yaani ngoma, lakini kila chama kina bafumu wake, yaani waganga, na nyuma ya bafumu hao kuna walimu waliowafundisha. Bayeye, wanaocheza na nyoka, walikuwa pia chama cha kitaaluma: walijua kumkamata nyoka, na walijua mizizi ya kumpa aliyeumwa. Aliyetaka ujuzi huo aliingia chamani, akafundishwa, akapanda daraja. Kwangu mimi hicho ni chuo, ingawa hakikuwa na majengo.

Kutoka Bara Hindi tulipokea zaidi ya viungo. Mwarobaini na mlonge, miti yenye asili ya huko, leo imesimama kwenye nyua za Kahama, Kishapu na Geita kama wenyeji. Mtoto akipata upele huogeshwa maji ya majani ya mwarobaini. Mwaka 2020 na 2021, nchi nzima ilipokuwa ikijifukiza dhidi ya korona, sufuria za Shinyanga zilichemsha majani hayo pamoja na mchaichai na malimau. Wanaofanya hivyo hawasemi wanafuata Ayurveda, tiba ya jadi ya India, na hawana haja ya kusema. Yoga haikupata njia hiyo ya jikoni. Inabaki zaidi kuwa mazoezi ya watu wa miji mikubwa.

Tofauti yetu na Wahindi iko katika maandishi. Elimu ya Charaka na Sushruta, matabibu wa kale wa India, iliandikwa zamani sana, ikanakiliwa, ikabishaniwa, ikapata vyuo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliamua kituo chake cha kimataifa cha tiba asili kijengwe Jamnagar, Gujarat, pande zilezile walikotoka wengi wa wenye maduka wa Kihindi wa Afrika Mashariki. Elimu ya bafumu ilihifadhiwa vichwani na porini, na pori lenyewe likashambuliwa.

Mashambulizi yalianza kwa nia ya kuokoa watu na ng'ombe. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o Shinyanga hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938, alisimamia uchomaji na ufyekaji wa vichaka walimojificha mbung'o hao, na nguvu kazi ilikusanywa kupitia watemi. Baadaye mashamba ya pamba yalipanuka. Katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka kwenye maboma yao, na ngitili, yale malisho yaliyofungwa ili miti na majani vipumzike, zikakosa wa kuzilinda. Kufikia 1986, ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ngitili zilizojulikana hazikuzidi hekta 600 hivi. Kufikia 2004 zilikuwa hekta 350,000 au zaidi, katika vijiji 833. Serikali haikupanda misitu hiyo. Wanavijiji waliifunga ardhi, wakatoza faini kwa sheria zao za jadi, na visiki vikachipua.

Miti ya dawa ikarudi nayo. Mlungulungu, wenye miiba minene ya mafundo kwenye shina, magome yake huchemshwa kwa ajili ya homa. Nengonengo ukiuvunja mzizi wake hutoa harufu kali ya dawa ya kuchua misuli, na kemikali iliyomo ni ileile. Mzizi huohuo ukizidishwa ni sumu. Kwa hiyo mganga mwenye adabu hupima kiasi, hubandua gome upande mmoja tu ili mti usife, na hufukia shimo alilochimba.

Ukanda wa dhahabu una maisha mengine. Geita ilichimbwa tangu enzi za ukoloni, mgodi ukafungwa mwaka 1966, na mwaka 2000 ukaanza mgodi mkubwa wa sasa. Pembeni yake wako wachimbaji wadogo: duara, yaani shimo la mgodi, linahitaji matimba ya kuzuia kuta, jiko linahitaji mkaa, na pori huisha. Mbaya zaidi, anayeshuka chini bila uhakika wa kupata kitu hutafuta bahati, na wauza bahati wapo. Uongo wao kwamba viungo vya watu wenye ualbino huleta utajiri ulizaa mauaji ya watu hao katika Kanda ya Ziwa. Septemba 2009, mjini Kahama, wauaji watatu walihukumiwa kunyongwa. Januari 2015 serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli. Waliouza damu hawakuwa waganga. Walikuwa wahalifu waliojificha nyuma ya jina la uganga.

Njia ya kuwatenganisha ipo. Muhimbili imekuwa ikitafiti tiba asili tangu 1974, na sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala la kusajili waganga. Ukienda kwa mganga, muulize cheti chake. Akikutajia jirani aliyekuroga, ondoka na utoe taarifa. Ukilazwa hospitali, mweleze daktari mizizi uliyokunywa, hata kama unaona aibu. Na halmashauri za Geita zisisubiri wafadhili: zianze mwaka huu kuvirudishia vijiji ngitili zao, wakati wazee wanaoijua miti hiyo kwa majina wangali hai.