Njia za baiskeli mijini

Njia ya baiskeli ni sehemu ya barabara iliyotengwa kwa waendesha baiskeli, iwe kwa mstari wa rangi tu, kwa ukingo wa zege au kwa kuinuliwa juu ya usawa wa lami. Nchini Tanzania mfano unaofahamika zaidi uko Dar es Salaam, sambamba na njia ya mabasi ya mwendokasi ya Kimara–Kivukoni, iliyoanza kubeba abiria Mei 2016.

Madereva hulalamika kwamba njia hizi huzidisha foleni. Barabara ya Morogoro, inayopitiwa na njia hiyo ya mwendokasi, haiwezi kumaliza ubishi huo, kwa sababu ilipanuliwa na mabasi yakapewa njia zao wakati huohuo. Tazama badala yake jiji la New York: kwenye Ninth Avenue, njia ya baiskeli iliwekwa mwaka 2007 kati ya ukingo na magari yaliyoegeshwa, na baiskeli zikapewa taa zake ili zisigongane na magari yanayokata kona. Foleni nyingi za mjini huzaliwa kwenye makutano. Hapo ndipo mchoraji wa barabara hupimwa.

Kwa usalama, rangi peke yake haizuii kitu. Dar es Salaam bodaboda hukwepa foleni kwa kupita kwenye njia ya baiskeli, mchuuzi hutandika bidhaa zake, na gari hupaki "dakika mbili". Muuza mikate mwenye kreti kwenye keria ya baiskeli hurudi barabarani katikati ya daladala, palepale alipokusudiwa kuondolewa.

Katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, hali ni tofauti. Galula, kata ya Wilaya ya Songwe, si mji wa foleni. Gunia likifungwa kwa mipira kwenye keria, adui ni vumbi, mchanga na pikipiki inayokuja kasi. Tunduma, mji wa mpakani wa mkoa huo, ndiko suala lilipo. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, hupanga mstari kandokando ya barabara kuu, na mwendesha baiskeli hubaki kati ya lori lililosimama na linalotembea. Tela likikata kona, magurudumu yake ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele, na aliye ubavuni hana pa kukimbilia. Mstari wa rangi hapo ungegeuka maegesho kabla haujakauka. Panahitajika ukingo wa zege, na kabla yake, uwanja wa kuegesha malori nje ya barabara.