Benki ya Wakulima wa Mit Ghamr

Ramadhani ikifika twasikia darsa nyingi juu ya riba, na ni haki, kwani aya ya 275 ya Suratul Baqara haina mjadala. Lakini hebu jiulize: mkulima wa Kwale au Tana River anayetaka pesa za mbegu kabla ya mvua za masika, na anaiogopa riba, aende wapi? Mfuko wa Hustler wa serikali, ulioanza Novemba 2022, watoza asilimia 8 kwa mwaka. Wengine huweka minazi yao rehani, mkopeshaji akawa anakula nazi mpaka deni lilipwe. Hiyo nayo, ukiwauliza masheikh, ni riba iliyovaa kanzu.

Swali hili lilijibiwa Misri mwaka 1963, tena si mjini Cairo. Lilijibiwa Mit Ghamr, mji mdogo wenye mashamba kila upande, katika jimbo la Dakahlia, kando ya mto Nile.

Mwenye fikra hiyo ni mchumi Ahmad El-Naggar. Alisoma Ujerumani Magharibi, na huko akaziona benki ndogo za akiba ambazo pesa za watu wa mahali huzunguka papo hapo mahali pao. Kwao Misri mkulima alificha pesa zake nyumbani, kwani benki ilikuwa mbali naye na riba dini yake yaikataza. El-Naggar akauchukua mpango wa Wajerumani, riba akaitoa.

Benki yake ilikuwa na mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa akiba: mtu aliweka hata piastre chache tu, yaani senti za Misri, na akizitaka alizitoa. Hakupata riba, lakini kwa kuweka akiba alistahiki kukopeshwa mkopo mdogo, qardhul hasan, akarudisha kile kile alichochukua. Wa pili ni wa uwekezaji, faida na hasara watu wakagawana. Wa tatu ni wa zaka, wa kuwasaidia wasiojiweza.

Hapo kwenye akiba tusimame kidogo. Sisi tukisikia "mikopo kwa vijana" twafikiria pesa za mfadhili au za serikali, na wengi huzila tu wakijua hazina mwenyewe. Pesa za Mit Ghamr zilikuwa na wenyewe. Ukikataa kulipa, umemla jirani yako, na kesho asubuhi mwakutana msikitini!

Jambo jengine: neno "Kiislamu" halikuwemo katika jina lake. Ilikuwa zama za Gamal Abdel Nasser, na Ikhwan walikuwa wamepigwa marufuku tangu 1954. El-Naggar alijua alilolifanya.

Watu waliitikia. Kufikia 1967 walioweka akiba walikuwa zaidi ya laki mbili. Mwaka huo huo serikali ikaziweka benki hizo chini ya mabenki makubwa, na riba ikarudi. Mwaka 1971 serikali yenyewe ikaanzisha Nasser Social Bank isiyotoza riba, na 1975 ikaja Dubai Islamic Bank. Kwetu Kenya, Gulf African Bank na First Community Bank (siku hizi Premier Bank) zilianza kazi 2008.

Mimi naona jina ndilo lililosafiri, mkulima akaachwa Mit Ghamr. Benki zetu za mjini zafaa sana kwa mwenye mshahara anayetaka gari. Mwenye ekari mbili za mahindi na muhogo hana hati ya mshahara ya kuwaonyesha.

Na bado, dada yangu, chama cha kina mama wanaochangiana kila wiki hapo mtaani kwenu ndio ule mfuko wa kwanza. Wa tatu upo kwenye daftari la zaka la kamati ya msikiti, na mwezi huu ndio waandikwa. Unaokosekana ni ule wa pili, wa kijana na mwenye pesa kulima pamoja na kugawana kitakachotoka, hata kama mvua haikunyesha.