Milimita 67 kati ya Cape Town na Kalemie

Mafundi wa Afrika Kusini wanaounda vielelezo vya mabehewa ya zamani ya abiria hupenda kipimo cha 1:64, na wana sababu. Kwa kipimo hicho, njia ya milimita 16.5 inakaribia sana upana wa reli yao halisi, milimita 1,067. Kampuni ya Lima ya Italia iliwauzia mabehewa ya treni ya Blue Train kwa 1:87, lakini juu ya njia ileile ya 16.5, ambayo kwa kipimo hicho ni upana wa reli ya Ulaya. Watoto hawakujali. Mafundi walikasirika.

Sasa fundi wa namna hiyo akitaka kuliweka behewa lake kwenye stesheni ya Kalemie, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, aulizwe kwanza: mwaka gani?

Reli ya Kalemie, enzi za ukoloni Albertville, ilijengwa na CFL, kampuni ya Baron Édouard Empain iliyoundwa mwaka 1902. Kipande cha kutoka Kabalo hadi ziwani, kilomita 273, kilifunguliwa Machi 1915. Upana wake ulikuwa milimita 1,000 kamili, sawa na reli ya Wajerumani iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo behewa la ng'ambo ya ziwa, ingawa kati kuna maji tu na hakuna daraja, lingetembea Kalemie vizuri. La Cape Town lisingeweza.

Waingereza waliuonja ugumu wa njia ya Cape Town hadi ziwani mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Boti mbili za vita, Mimi na Toutou, zenye urefu wa mita 12 hivi, zilipakiwa kwenye treni Cape Town zikapanda hadi Fungurume. Hapo reli iliishia. Zikavutwa na mashine za mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, zikapanda treni tena Sankisia hadi Bukama, zikateremka mto Lualaba, na Kabalo zikahamishiwa kwenye mabehewa ya CFL. Zilifika ziwani Oktoba 1915. Desemba 26 ziliiteka meli ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 Mimi pamoja na Kingani iliyotekwa zikaizamisha meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann.

Wabelgiji walichukua miaka arobaini kuondoa tofauti ya upana. Mwaka 1955 reli ya Kabalo hadi Albertville ilipanuliwa kufikia milimita 1,067, na mwaka 1956 Kabalo ikaunganishwa na Kamina, kwenye reli inayoelekea kusini. Tangu hapo upana wa reli ni mmoja kutoka Kalemie hadi Cape Town, na Kigoma ndiyo iliyobaki na wake.

Tofauti yote hiyo ni milimita 67. Kwenye meza ya fundi wa 1:64 inabaki milimita moja. Behewa la Afrika Kusini mbele ya stesheni ya Albertville ya mwaka 1930 ni uongo, hata likipakwa rangi vizuri namna gani.

Mabehewa ya Afrika Kusini yana watu wa kuyaenzi. Wazee wa reli mlioko Kalemie, kama mna picha za mabehewa ya abiria ya CFL, zitoeni zipigwe nakala. Bila picha na vipimo, hakuna fundi atakayeyaunda.