Injinia asiye na muhuri

Msimu wa pamba uliopita nilipita Mwandoya, wilayani Meatu. Kwenye kituo cha kununulia pamba nilimkuta mzee mmoja amekaa juu ya marobota yake, pembeni yake amesimama mjukuu aliyemaliza chuo Dar es Salaam. Kijana aliniamkia, akajitambulisha kuwa ni injinia. Nikamuuliza, wa barabara au wa maji? Wa programu za kompyuta, akanijibu. Babu yake akacheka sana. "Injinia gani huyu? Hata kalvati hajajenga!"

Nilicheka nami, lakini swali la mzee nimerudi nalo mjini. Je, kuandika programu ni taaluma kweli, kama uhandisi, udaktari au uwakili?

Nchini petu sheria ya kwanza ya kusajili wahandisi ilitungwa mwaka 1968. Iliyofuata, ya mwaka 1997, ndiyo iliyounda Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mhandisi anasajiliwa, anatia muhuri kwenye michoro yake, na akiboronga anaweza kufutwa. Daraja likianguka, jina lipo kwenye karatasi.

Sasa tazama. Mwaka huohuo wa 1968, mwezi Oktoba, wataalamu wa kompyuta walikutana Garmisch, Ujerumani, wakaupa mkutano wao jina la uhandisi wa programu. Jina hilo lilichaguliwa makusudi ili kuwachokoza. Programu za siku zile zilichelewa, zilizidi bajeti na ziliharibika ovyo. Kwa hiyo jina lilikuwa dua, halikuwa sifa.

Sisi wenyewe tuliyaonja hayo. Mwaka 1965 Hazina ilipata kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza. Hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye mitambo zikavurugika, na wataalamu wengi waliokuwa wakiiendesha walikuwa wageni. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wengi hulitaja jambo hilo kwa kicheko, kana kwamba wakubwa wetu waliogopa shetani. Mimi sicheki. Fedha ya umma ilipotea na hakukuwa na mtu mwenye muhuri wa kuulizwa. Ikaadhibiwa mashine, kwa sababu mashine ndiyo iliyokuwa karibu.

Ile kampuni ya ICT haikufa. Mwaka 1968 iliungana na nyingine ikawa ICL, na baadaye ikamezwa na Fujitsu ya Japani. Huko ndiko ilikotoka programu ya Horizon iliyofungwa katika ofisi za posta za Uingereza kuanzia mwaka 1999. Programu ilionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Wasimamizi wa ofisi ndogo za posta zaidi ya 900 wakahukumiwa kwa wizi na udanganyifu. Wengine wakafungwa, wengine wakafilisika. Bunge la Uingereza lilikuja kuzifuta nyingi ya hukumu hizo kwa sheria mwaka 2024, robo karne baadaye. Kwa miaka mingi mahakama ziliamini kompyuta na kuwatilia shaka binadamu.

Wapo wanaosema usajili utawafungia mlango vijana waliojifunza wenyewe. Hoja hiyo ina uzito. Marekani walianzisha mtihani wa kitaifa wa wahandisi wa programu, wakaufuta mwaka 2019 kwa kukosa watahiniwa. Na ukweli ni kwamba mchezo wa kwenye simu hauhitaji muhuri wa mtu. Lakini programu inayopima dawa ya mgonjwa, au inayotunza hesabu ya jasho la mkulima, hiyo ni kalvati. Watu wanapita juu yake. Hapa kwetu Tume ya TEHAMA, iliyoundwa mwaka 2015, imepewa kazi ya kuwatambua wataalamu wa fani hiyo. Ni mwanzo. Ila mimi natafuta saini chini ya kazi yenyewe, maana jina kwenye daftari peke yake halitoshi.

Watu wa Usukuma hawahitaji kufundishwa hili. Miaka ya 1950 walichoshwa na mizani za wanunuzi wa pamba zilizowapunja, wakaweka wapimaji wao wenyewe, na chini ya Paul Bomani wakajenga Victoria Federation mwaka 1955, ushirika uliovuma Afrika nzima. Yote yalianzia penye mizani.

Siku ile Mwandoya mizani ilikuwa ya kidijitali. Namba nyekundu zikawaka, karani akaandika. Mzee akamgeukia mjukuu wake: "Haya, injinia. Hiyo namba nani kaiweka humo ndani?"

Kijana akasema ni programu, Babu.

"Ya nani?"

Kijana akainama, akazunguka nyuma ya mizani kutafuta jina. Alikuta stika ya Wakala wa Vipimo na jina la kiwanda. La mwandishi wa programu halikuwepo.